Ngoma Iliyotiwa Miguu

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Dobi, basi. Watoto walimwita Mama Dobi, wazee walimwita Dobi wetu, na mume wake, mlinzi wa ghala aliyelala mchana na kukesha usiku, naye alimwita Dobi, kana kwamba hakumwoa bali alimletea mashuka. Hakuwa mtu wa kugombana na watu. Ugomvi wake wote aliumalizia kwenye nguo: kola za mashati, pindo za suruali, mashuka ya nyumba ya wageni ya jirani. Ukimkuta ameinama juu ya beseni, povu limempanda hadi kwenye viwiko, anakung'uta shati jeupe, ungedhani shati lile limemtukania mama yake.

Mikono hiyohiyo ndiyo iliyopiga ngoma.

Ngoma alifundishwa na shangazi yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, aliyeamua mapema kwamba hakuna atakayempangia kazi ya mikono yake. Enzi hizo mwanamke akikaa nyuma ya ngoma watu waliguna. Shangazi aliwaacha wagune, kisha akawapigia hadi wakasahau walichokuwa wanagunia. Dobi alihamia kwake angali msichana, baba yake alipopata kazi ya mbali, na ndani ya nyumba ile alikuwa na kazi mbili: kumbeba mgongoni mtoto wa shangazi, mvulana wa pekee mwenye kilio cha kupasua masikio, na kushika mdundo wa pili shangazi anapofanya mazoezi uani. Mara nyingi alizifanya zote kwa pamoja.

Mtoto yule alikua, kilio kikageuka sauti ya kuimba. Watu wakambandika jina la Kasuku, kwa kuwa wimbo aliousikia mara moja ulikuwa wake tayari, na pia kwa kuwa alikuwa hanyamazi. Dobi alimwita mdogo wangu, yeye alimwita dada, na aliyewaona pamoja hakuuliza kama walizaliwa tumbo moja.

Sasa ngoma yenyewe. Ilikuwa kubwa, ya mti mwekundu mzito uliokuwa umeanza kuwa mweusi kwa kushikwa. Ubavuni ilikuwa na ufa, na ufa huo shangazi aliuziba mwenyewe kwa waya wa shaba, akiuzungusha na kuukaza kwa koleo huku akitukana polepole. Upande wa pili kulikuwa na bonde dogo, laini kama ndani ya kijiko. Hapo ndipo lilipokaa goti lake kila alipopiga, mwaka nenda mwaka rudi, hadi mti wenyewe ukakubali kusogea.

Shangazi alipofariki, ngoma ikabaki kwa mwanawe. Dobi alikwenda kuiomba.

"Dada, hii ndiyo iliyobaki ya mama," Kasuku akasema. "Acha ikae kwangu."

Dobi akaona ni haki. Mtoto ni mtoto. Akarudi zake mikono mitupu, na kila alipokwenda kumtembelea aliiona kwenye kona ya sebule, imefunikwa kanga, akaigusa kidogo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mpaka siku moja Kasuku alipomjia na uso wa msiba, akamwambia mchwa wameila.

"Imebaki unga mtupu, dada. Nimeuzoa kwa ufagio."

Siku ile Dobi alilia juu ya beseni, akayafua mashuka yote ya nyumba ya wageni kwa machozi na sabuni, na jioni akampelekea Kasuku chakula, kwa kuwa alidhani mwenye msiba mkubwa zaidi ni yeye. Kumbuka hilo la chakula. Baadaye ndilo lililomchoma kuliko mengine.

Akatafuta ngoma nyingine, ndogo, ya mti mwepesi, akaendelea kupiga. Walikuwa na kikundi cha watu watatu: yeye ngoma, Kasuku sauti na kayamba, na Kinyozi, mwenye banda la kunyolea karibu na kituo, akipiga zeze. Kinyozi alikuwa mtu wa maneno mengi na methali nyingi zaidi, na zeze lake lilikuwa na waya mmoja tu lakini alilifanya lilie kama nyumba nzima imefiwa. Walialikwa huku na huku, kwenye sherehe ndogondogo, wakapewa soda na makofi.

Basi Kasuku akaleta habari. Baa ya kona imepata sura mpya, mwenye baa anataka muziki wa asili, vikundi vya mtaani vipige moja kwa moja mbele ya wateja. Jumapili alasiri. Kitafungua kikundi cha marimba cha Fundi Viatu, watafuata wao, na mwisho watapanda vijana wa magitaa na spika kubwa.

"Na tukifanya vizuri," Kasuku akasema huku akisugua viganja, "kila Jumapili ni yetu."

"Umeipataje nafasi hiyo?" Dobi akauliza. "Nasikia watu wanaililia."

"Mimi na Bosi tunaelewana."

Dobi hakuchimba zaidi. Alipiga pasi gauni lake la kijani, akalipiga tena, na Jumapili ile akatoka na ngoma yake ndogo kwapani.

Baa hiyo aliijua tangu zamani, ilipokuwa na viti vya plastiki na kuta zilizobanduka rangi. Sasa kuta zimetundikwa mikeka, na darini vimening'inizwa vibuyu vilivyotobolewa, ndani ya kila kibuyu taa.

"Vibuyu vya nini hivi?" akauliza.

"Mapambo," Kinyozi akajibu. "Ndiyo asili yenyewe."

"Kibuyu kikavu cha kuwekea taa. Haya."

Jukwaa lilikuwa makreti ya bia yaliyofunikwa mbao. Fundi Viatu na wenzake walikuwa wanapanga marimba yao, Kasuku amekwishashika kipaza sauti, na wateja wameanza kujaa, kwa kuwa ni siku ya mapumziko na jua lilikuwa kali. Dobi akatoka barazani kutafuta mahali pa kuanika ngoma, ngozi yake ikaze. Huko wanaume wanne walikuwa wamezunguka meza fupi ya duara wanacheza karata. Mmoja wao, fundi wa pikipiki ambaye Dobi alimfulia ovaroli zake zenye grisi, alikuwa ameegemea kiti, miguu yake, na viatu vyake, ikiwa juu ya meza.

Dobi alikuwa anapita tu. Jicho lake likanaswa na waya wa shaba.

Akasimama. Akaweka ngoma yake ndogo chini.

"Baba, samahani," akasema. "Ondoa miguu."

Fundi wa pikipiki akainua uso. "Karibu, mama. Unataka kukaa?"

"Sitaki kukaa. Ondoa miguu."

"Mama, hii ni meza tu."

"Si meza."

Wenzake wakacheka. Yeye alikuwa amekwishauona uso wa Dobi, na miguu ikashuka yenyewe, kama miguu ya mtu mwingine. Dobi akapiga magoti sakafuni, akapitisha mkono upande wa pili wa ile meza, upande usioonekana, akapapasa. Vidole vyake vikaingia kwenye bonde. Lilikuwepo, laini vilevile.

Jambo la kwanza lililompata lilikuwa furaha. Moyo uliruka kama wa mtu aliyeona aliyezikwa akipita barabarani. Halafu macho yakaanza kuona yaliyobaki. Chini, miguu minne ya chuma, imetobolewa kwenye mti na kukazwa kwa nati. Juu, ngozi ya ngoma imepakwa vanishi nene inayong'aa kama kijiko cha hotelini. Juu ya vanishi, alama za duara za chupa, moja juu ya nyingine. Na karibu na ukingo, pale ambapo kiganja cha shangazi kilikuwa kikitua, matundu meusi ya watu waliozima sigara zao hapo.

Mwenye baa, ambaye kila mtu alimwita Bosi, alikuwa anapita na sinia. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiye na ubaya wa kutafuta. Alipomwona Dobi amepiga magoti, akafurahi.

"Mama Dobi! Umeipenda? Kila mtu anaipenda hiyo. Ni ya zamani kweli, si ya kuigiza."

"Umeitoa wapi?"

Bosi akacheka, hajui kama anataniwa. "Si kwa mwimbaji wenu? Alipokuja kuomba nafasi, miezi ile nikitengeneza baa, nilimwambia foleni ni ndefu. Kesho yake akaja na hii begani. Nikasema, mtu mwenye moyo namna hii ndiye wa Jumapili. Nikamwita fundi wa kuchomelea akaitia miguu." Akamtazama vizuri. "Kwani hakukuambia?"

Ndani, spika ikaguruma. "Halo, halo," sauti ya Kasuku ikasema. "Moja, mbili. Halo."

Dobi akainuka. Wanaosema hasira hupanda kichwani hawakumwona siku ile. Yake ilishuka, ikaingia miguuni, ikampeleka moja kwa moja hadi jukwaani, katikati ya meza na viti, watu wakimpisha bila kuambiwa. Kasuku akamwona anakuja. Akaona anakotoka. Akatazama juu ya bega lake, akamwona Bosi nyuma na sinia, na maneno yakamponyoka kabla hajakumbuka ameshika nini mkononi.

"Bosi! Si nilikuambia leo uiweke stoo!"

Spika ikayachukua maneno hayo ikayapeleka kila pembe ya baa, jikoni, na barabarani.

"Niliiweka!" Bosi akapiga kelele kutoka huko huko. "Wateja wameitoa wenyewe! Wamezoea kuchezea karata hapo!"

Marimba zilizokuwa zinajaribiwa zikanyamaza.

"Uliniambia mchwa," Dobi akasema.

"Dada, tafadhali. Tushuke tukaongee pembeni."

"Mchwa, Kasuku. Ukazoa unga kwa ufagio. Mchwa gani hao wanaojua kukaza nati?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Dobi akageuka. "Mnacheka nini? Mnajua mnachocheka?" Hakupaza sauti, lakini kicheko kikakatika meza hadi meza, kama taa zinazozimwa moja moja.

Kasuku alikuwa ameshusha kipaza sauti, ila hakukizima, na kila alichosema kiliendelea kusikika, kikija kutoka kiunoni mwake.

"Nilifanya kwa ajili yetu, dada. Ilikuwa imekaa kona inakula vumbi. Nani alikuwa anaipiga? Sasa tuna Jumapili. Mimi, wewe, Kinyozi. Mama angefurahi."

"Nani alikuwa anaipiga? Nilikuja mlangoni kwako nikaiomba kama jirani anayeomba chumvi! Ukaninyima, nikasema sawa, ni mtoto wa marehemu. Ukaniambia imeliwa, nikasema pole, nikakupikia! Nikakubebea chakula, Kasuku, nikakaa nawe, nikakufuta machozi. Ulikuwa unalia nini siku ile?"

Kasuku akaanza kuuzungusha waya wa kipaza sauti kidoleni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Kinyozi akanong'ona, lakini alikuwa karibu mno na kipaza sauti, na maneno yake yakasikika hadi barazani.

"Na wewe usiniletee methali! Ulijua?"

"Haki ya Mungu sikujua, Dobi. Ningejua ningekuwa nimeshamwambia kila ninayemnyoa."

Hilo lilikuwa kweli, na kila mtu alijua ni kweli.

Dobi akarudi barazani. Watu wakamfuata, wengine na glasi mikononi. Akaziondoa chupa juu ya ngoma, moja baada ya nyingine, akazipanga sakafuni bila kumwaga hata tone, maana bia za watu hazikumkosea. Akaondoa karata. Akaifuta ngozi kwa upindo wa gauni lake la kijani. Kisha akainua mkono akapiga.

Ta.

Kama mlango wa kabati. Akapiga tena, katikati, kwa kiganja kizima, pale ambapo zamani sauti ilitoka ikakuingia kifuani. Ta. Vanishi ilikuwa imeiua.

"Mama, taratibu," Bosi akasema. "Ukiivunja hiyo..."

"Ilishavunjika."

"Mimi sikuiba kitu cha mtu."

"Sijasema umeiba. Nimesema mmeweka bia juu ya mama wa watu." Akawageukia wote waliosimama mlangoni. "Mnaandika nje kwamba hapa ni asili. Mnatundika vibuyu. Mnatuita tuje tuwapigie, mpige picha, mseme mnapenda mambo ya wazee. Na mambo yenyewe ya wazee mmeyawekea viatu juu. Sipigi. Hapa sipigi."

Fundi Viatu, aliyekuwa ameketi nyuma ya marimba, akaviweka vijiti vyake kwenye mfuko wa shati. "Basi hata sisi hatupigi," akasema. Wenzake wakamtazama, mmoja alikuwa ameshafungua soda ya Bosi. Lakini nao wakainuka.

Hapo ndipo Bosi alipoona Jumapili yake inamponyoka, na ucheshi ukamtoka. "Haya, msipige! Mlango ule pale. Vijana, pandeni!"

Vijana wa magitaa walisita. Walitazamana, wakamtazama Dobi, wakazitazama spika walizoziazima kwa taabu na kuzisukuma kwa mkokoteni mtaa mzima. Wakapanda. Dobi hakuwalaumu siku ile, wala baadaye. Aliwakasirikia kwa jambo jingine: walipiga vizuri.

Yeye hakuondoka. Hakuikalia ngoma, maana angekuwa sawa na wale wengine. Alikaa sakafuni, akaikumbatia, na goti lake likaingia lenyewe kwenye bonde la shangazi. Muziki ukamwagika kutoka ndani, wimbo wa zamani uliotiwa mwendo mpya, na gitaa la besi likaja kumtikisa mgongo. Vidole vyake vikaanza kucheza. Akavizuia. Vikaanza tena. Akaviingiza kwapani akavibana, akakaa hivyo, amenuna kama mtoto aliyenyimwa, hasira na mdundo vinagombania mwili mmoja. Wateja waliokwenda ndani kucheza walicheza kidogo, kisha wakarudi barazani kumtazama. Ni vigumu kunywa kwa raha mbele ya mtu aliyekaa sakafuni ameshikilia marehemu wake.

Mwishowe fundi wa pikipiki akakusanya karata zake. "Bosi," akasema, "mpe mama ngoma yake. Sisi tutachezea kwenye kreti."

"Na miguu? Miguu ni yangu, nimeitengenezesha mimi!"

"Miguu yako utaletewa," Dobi akasema kutoka sakafuni.

"Lakini Jumapili msahau. Kikundi chenu hapa hakikanyagi tena."

"Jumapili ameiweka Mungu, wewe umeweka viti tu."

Watu wakasema "Eeee!" na Bosi akaona afadhali arudi kwenye vinywaji vyake.

Fundi wa pikipiki alimsaidia kuitwika. Ilikuwa nzito kuliko alivyoikumbuka, na miguu ya chuma ilielekea juu, kama mnyama aliyekufa. Hivyo ndivyo alivyopita nayo mtaani, shingo imekaza, jua limemkabili. Nyuma yake, mbali kidogo, alikuja Kasuku amebeba ngoma ndogo na kayamba, kama mgeni asiyejua kama amealikwa.

Mama wa mboga alimwona. "Dobi, umenunua meza?"

"Sijanunua meza."

"Sasa hiyo ni nini?"

"Ni shangazi yangu," Dobi akasema, akaendelea na safari. Mama wa mboga akabaki na fungu la mchicha mkononi.

Getini kwake alimpokonya Kasuku ngoma ndogo bila kumtazama, akafunga geti. Kayamba akamwachia. Mume wake alikuwa ndiyo kwanza anaamka, anatafuta ndala. Alipoona mzigo ule na uso ule, akauliza, "Nani kafa?"

"Shangazi. Mara ya pili."

Mume wake hakuwa mtu wa maswali. Aliizunguka ngoma, akaiona miguu, akaingia ndani akatoka na spana. Alizifungua nati zile taratibu, kama mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala, na miguu minne akaifunga kwa kamba. Alipokuwa anakwenda kazini jioni ile aliipitisha baa, akaiweka mlangoni, akaendelea na njia yake bila kusalimia mtu.

Kuihuisha ngoma haikuwa kazi ya siku moja. Fundi Viatu alikuja na visu vyake vyembamba vya kukatia ngozi akakwangua vanishi iliyomwagikia kwenye mti, akihema. Ngozi ya zamani haikuokoka. Ilibidi ikatwe, na Dobi aliikata mwenyewe, hakuruhusu mtu mwingine. Wakawamba mpya. Matundu ya nati yakazibwa kwa vigingi vya mti. Siku ilipokauka, Dobi alikaa nayo uani, goti mahali pake, akapiga.

Ilitoa sauti. Lakini ilikuwa na kikwaruzo chini yake, kama mtu anayeongea akiwa na mafua.

"Ni nzuri," Fundi Viatu akasema.

"Si yenyewe."

"Sauti mpya nayo ni sauti."

"Usinifariji!" Dobi akafoka. "Kila mtu ananiambia ni nzuri. Ilikuwa na sauti yake! Haikumwomba mtu aipe nyingine!"

Fundi Viatu akakusanya visu vyake. Alikuwa na mke mkali nyumbani, alijua wakati wa kunyamaza.

Kasuku naye hakuthubutu kuja hivihivi. Alikuja na nguo. Siku ya kwanza mashati, siku nyingine suruali, siku nyingine mapazia ambayo hata hayakuwa machafu. Alimwamkia, akaweka furushi, akaondoka. Dobi alizifua, akazipiga pasi, akazikunja, wala hakumwambia neno. Nguo hazikuwa na kosa. Watu wakaanza kusema Kasuku siku hizi ni mtanashati kuliko bwana harusi.

Siku moja alimkuta Dobi anapiga pasi, akaweka furushi, hakuondoka.

"Dada, unajua mama alinifundisha nini?"

Dobi akapuliza makaa ya pasi.

"Kuimba hakunifundisha, niliiga tu. Ngoma alikufundisha wewe. Nilipotaka kuishika alisema mikono yangu haina subira. Nilikuwa mtoto, dada. Kila siku nawasikia uani, wewe na yeye, mnacheka. Alipokufa, ile ngoma ikawa inanitazama pale kwenye kona. Kila ukija unaigusa, na mimi naona ni yako. Ipo kwangu, lakini ni yako. Nilichoka kutazamwa."

"Ungenipa."

"Ndiyo. Ningekupa."

"Ukampa mtu wa bia."

"Ndiyo, dada."

Dobi alishusha pasi kwenye kola, akaikandamiza mpaka mvuke ukapanda. Alikuwa hajawahi kulifikiria hilo, kwamba yule aliyemwona kama mzigo mgongoni mwake, mtoto anayelia wakati yeye anajifunza, alikuwa na masikio, na alikuwa anahesabu nani anachekewa. Lilimwingia. Lakini asije mtu akasema hasira iliisha. Haikuisha. Ilipata tu jirani, huruma, na hao wawili wakawa wanaishi ndani yake nyumba moja, hawaelewani.

"Shati hili limepungukiwa kifungo," akasema mwishowe. "Njoo kesho."

Baa ya kona iliendelea na Jumapili zake. Vijana wa magitaa wakapata jina, na Bosi akanunua meza ya kweli. Kuhusu ngoma hakuwahi kusema lolote, ila Dobi akipita alikuwa anajifanya anafuta glasi. Upande wa pili, Fundi Viatu alifungua uwanja wa nyuma ya karakana yake, watu wakaja na vigoda vyao, wakawa wanakaa katikati ya harufu ya gundi na soli. Marimba zilianza, kisha Kinyozi akalitoa zeze lake, kisha Dobi akakaa na ngoma ya shangazi. Wasioijua zamani waliipenda kwa ule mkwaruzo wake. Wakimsifu alikasirika, na waliokuwa wanamjua walikuwa wamekwishaambiana wasimsifu.

Mara ya kwanza Kasuku alikuja akasimama nje ya ukuta, kichwa tu ndicho kinaonekana. Dobi alipiga wimbo mzima bila mwimbaji, Kinyozi akijaribu kuziba pengo kwa sauti yake mbaya, mpaka watu wakaanza kumwonea huruma.

"Utaimba," Dobi akasema bila kugeuka, "au umekuja kukagua ukuta?"

Kasuku akaingia, kayamba mkononi, akaimba. Aliimba kama mtu aliyekuwa amebanwa pumzi muda mrefu, na mara moja, katikati ya ubeti, Dobi alijikuta anamfuata kama walivyofuatana zamani, akasahau kununa. Akakumbuka, akanuna tena.

Walipomaliza, watu wakibeba vigoda vyao, Kasuku akainama kuishika ngoma ambebee dada yake hadi nyumbani.

"Wewe," Dobi akasema. "Beba kayamba."

Akabeba kayamba.